Asemaye Asante Hamiminiwi Tena

Asunción, Jumanne jioni

Dada yangu mpenzi Zunilda,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji na watoto. Natumaini mmeamka salama, na kwamba goti lako sasa linakubali kupanda ngazi za hiyo nyumba yenu bila kulalamika. Sisi huku ni wazima. Nikisema wazima nina maana tunakula, tunalala, na tukiulizwa tunajibu. Kuku nimewaacha kwa jirani yetu Ña Cirila, ambaye ameapa kuwalisha vizuri, na najua atawalisha huku akila mayai yao.

Tumefika mjini leo mchana, na hii ndiyo siku ya kwanza ya ile likizo ambayo Eligio aliniahidi tangu tulipooana. Yeye anadhani tumekuja kutembea na kupumzika, kisha turudi nyumbani pamoja. Mimi na wewe tunajua tulivyopatana kwenye simu: kwamba Alhamisi nitaaga nakwenda kanisani, nipande basi la Buenos Aires, na wewe unipokee kituoni nije kuishi kwako. Ulinipa sharti moja tu. Ulisema nimtazame mume wangu siku nzima ya safari, na kama moyo wangu utakuwa bado haujasema kitu, basi nije. Nimemtazama, dada, kama ulivyotaka.

Tuliondoka kwetu Bogado kabla jua halijawa kali. Eligio alivaa lile shati jeupe la harusi za watu, na alikuwa amenyoa ndevu mpaka akajikata kidevu. Alibeba begi langu yeye mwenyewe na kuliingiza kwenye tumbo la basi. Nilimwona akiinama pale akihangaika na zipu kwa muda, nikadhani imeharibika, lakini sikwenda kuangalia. Siku hizi kitu kikiharibika mimi husubiri tu kiniambie chenyewe.

Tulikaa viti vya pamoja, mimi dirishani. Unajua tunavyoishi tangu homa ya dengi ilipotuchukulia mwanetu Derlis mwezi wa Machi. Hatugombani. Heri tungegombana. Tunapishana jikoni kama wapangaji, kila mmoja akiangalia asimmwagie mwenzake maji. Watu wamezoea kusema nina nguvu kwa sababu sikulia makaburini, wala sikuwakatalia. Lakini si nguvu, Zunilda. Ni ganzi, kama ile ya daktari wa meno, ila hii haijatoka.

Njiani alipanda mama mmoja muuza chipa, ile mikate ya jibini, mnene, na kikapu chake kichwani hakiyumbi hata basi likipiga kona. Alitutazama, akasimama mbele yetu na kusema kwa sauti ya kusikiwa na basi zima: "Jamani, nyie wawili mmekaa kama mnapelekwa kortini. Bwana, mnunulie mkeo chipa ya moto. Asipocheka, naila mwenyewe na hela nakurudishia." Watu walicheka. Eligio alinunua mbili. Nilijua ni za moto kwa sababu iliniunguza kidole, lakini kucheka sikucheka, na yule mama alikwenda zake bila kurudisha kitu.

Baada ya chipa ndipo Eligio alipotoa thamosi chini ya kiti. Nilishangaa, kwa maana kumimina tereré, chai yetu ya baridi, nyumbani kwetu ilikuwa kazi ya Derlis. Mdogo ndiye humimina, na yeye alikuwa mdogo wetu na mkubwa wetu pia. Tangu atutoke, kila mtu hujitilia chake kivyake, saa yake, mahali pake. Sasa Eligio alikuwa ameleta maji ya barafu, majani, na mnanaa alioutwanga mwenyewe bila mimi kusikia kishindo cha kinu. Alinipa thamosi na lile pembe la ng'ombe la kunywea, pamoja na mrija wake, akaomba nimimine mimi.

Nilimimina. Nikanywa la kwanza kama ilivyo desturi, nikajaza tena nikampa. Alikunywa polepole mpaka mrija ukakoroma. Kisha alinirudishia pembe, akanitazama, akasema, "Asante."

Wewe huko umezoea kuinywa ya moto, lakini sheria ni ile ile. Unamkumbuka yule mwalimu mgeni aliyekuja kwetu tulipokuwa wadogo? Kila alipopewa alisema asante kwa adabu zake zote, na kila aliposema baba alimruka akampa wa pili yake. Mtu wa watu alishinda na kiu mchana kutwa, akaenda kuwaambia watu kwamba sisi ni wachoyo. Baba alicheka mpaka akashika mbavu. Alisema asemaye asante amekwisha kutosheka, na aliyetosheka hamiminiwi tena, hata akikaa hapo mpaka mwaka ugeuke.

Lakini Eligio si mgeni. Huyu ni mtu ambaye akianza tereré huimaliza thamosi nzima, kisha huitikisa kusikia kama kuna tone. Na joto la leo lilikuwa la Januari hasa, mpaka vyuma vya viti havishikiki. Alisema asante baada ya pembe moja, akageuza uso. Nikaelewa kwamba hataki tena kumiminiwa kwa mkono wangu. Nilifunga thamosi na kuiweka kati ya miguu. Nilisubiri niumie, dada. Sikuumia. Nilisema moyoni, basi, jibu la kumpa Zunilda ndilo hilo, na nikaendelea kutazama ng'ombe wa watu.

Mji ni mkubwa na una kelele, kama walivyosema. Tumepanga kwenye nyumba ya wageni karibu na ghuba, chumba kina feni na picha ya Bikira. Mwenye nyumba ni mama wa makamo anayependa maneno. Alituuliza tuna watoto wangapi, nasi tukajibu kwa pamoja, kama watoto wa shule, kwamba tuna mmoja. Akauliza mbona hatukumleta. Eligio akamwambia kwamba amebaki nyumbani. Ni kweli, kaburi liko nyuma ya kanisa letu. Yule mama akasema vijana ndivyo walivyo, hawapendi tena kutembea na wazee wao.

Jioni hii tulikwenda kutembea kando ya ghuba. Tuliona maji, tuliona watu wakipunga upepo, tukarudi. Nilipofungua begi nitoe nguo ya kulalia, Eligio alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, viatu mkononi. Na sasa nakuambia lililonifanya nikae niandike.

Alisema, "Umefanya vizuri kubeba koti. Kule mwezi wa Juni kuna baridi kali."

Zunilda, nilisimama na ile nguo mkononi. Koti la sufu, lile alilonishonea mama, nilikuwa nimelikunja chini kabisa ya begi. Nani anakuja Asunción Januari na koti la sufu? Aliniambia kwamba asubuhi mkono wa koti ulikuwa umetokeza kwenye zipu, naye akaurudisha ndani ili abiria wasione. Hakuwa amekasirika. Alisema alielewa pale pale ni kwako ninakokwenda, na tangu hapo alikuwa akifikiri namna ya kunirahisishia.

"Ndiyo maana nikasema asante," akasema. "Ili wewe usipate kazi ya kusema. Nilitaka unimiminie mara moja tu, mama, basi. Nimetosheka. Na ni asante ya kweli pia, kwa miaka yote. Nenda, sina kinyongo."

Nilimuuliza kama hakuwa na kiu siku nzima. Akasema alikuwa na kiu tangu Machi.

Ningependa kukuambia nililia. Watu wanaoandika barua kama hizi hulia hapo. Mimi sikulia. Nilichohisi ni kwamba na mimi nina kiu, kiu ya kawaida, koo limekauka kama udongo, na nikatambua kwamba ilikuwako kutwa nzima na sikuijua. Barafu ya thamosi ilikuwa imeyeyuka lakini maji yalikuwa bado na ubaridi. Nikajimiminia, nikanywa. Halafu nikajaza pembe nikamnyoshea yeye. Alilitazama kama mtu anayeonyeshwa kitu cha wizi, kwa maana alikwisha kusema neno lake, na mimi na yeye tumelelewa na sheria moja. Nikamwambia anywe, mkono unachoka.

Alikunywa mpaka mrija ukakoroma. Akanirudishia pembe. Hakusema asante.

Nikalijaza tena.

Basi, dada yangu, mimi siji. Sikuambii nimepona, wala sijui Jumapili tutarudi nyumbani tukiwa watu gani. Ganzi bado ipo, ila kidole kilichoungua kwa chipa sasa kinauma, na nakiacha kiume. Barua hii nampa binamu yetu Anselmo, dereva wa lile basi la Alhamisi, akukabidhi mkononi, kwa hiyo najua unaisoma umesimama pale pale ulipokuja kunipokea. Nisamehe kwa kukusumbua na goti lako. Nisalimie shemeji, uwabusu watoto, na usiache kunipigia.

Pamoja na barua, Anselmo atakupa koti. Huku halina kazi, na huko Juni haiko mbali. Likikubana mabegani fumua mishono, mama aliacha kitambaa cha akiba ndani. Ila nakuomba kitu kimoja, na unajua kwa nini: ukishalipokea, usiniambie asante.

Ni mimi mdogo wako,
Blásida