Mpita njia

Alhamisi, mwisho wa mwezi wa kumi. Joto, hakuna upepo. Mawingu yamekaa upande wa Ruangwa tangu asubuhi na hayajaamua kama yanakuja au la.

Nimekunywa chai mara mbili na bado kifua kinabana. Jambo lenyewe limekwisha na limekwisha vizuri, kila mtu ananipongeza. Mimi peke yangu ndiye ninayezunguka humu ndani kama mtu aliyesahau kitu.

Nianze na uani kwa Mama Fatu, maana yote yalianzia huko.

Mama Fatu ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Yeye na wenzake wanabangua korosho pale uani kwake, mikono imepakwa majivu ili mafuta ya maganda yasiwaunguze. Msimu huu wote wa korosho, sisi tusio na haraka tumekuwa tukikusanyika hapo asubuhi. Ni mahali pa kuuliza. Ukiwa na bati linalovuja utaambiwa ukate kipande cha mpira wa tairi, ukitoboe, ukipitishe kwenye msumari ndipo upigilie. Ukuta wako ukiwa na nyufa utaambiwa utafute udongo wa kichuguu, uchanganye na mchanga na majivu, ulaze siku moja kabla ya kukandika. Wanawake wanaulizana jinsi ya kuomba mkopo wa vikundi kule halmashauri, na katiba ya kikundi chao niliwaandikia mimi, kwa sababu nasoma sana na mwandiko wangu unasomeka. Mwezi huu swali lililotawala lilikuwa la uchaguzi wa kitongoji. Umejiandikisha? Umekwenda kuangalia jina lako pale lilipobandikwa? Nenda ukaangalie, wengine majina yao yamekosewa.

Ushauri niliopewa mimi kwa miaka mingi ni mmoja: kandika ukuta wako, Babu Simoni, weka msingi wa mawe.

Sikuwahi. Nyumba yangu ni ya miti na udongo, na imesimama hivyo tangu mke wangu akiwa hai. Kila mwaka nilisema nitaishughulikia baada ya mavuno. Sababu yenyewe sikumwambia mtu. Nilivuka Ruvuma nikiwa mgongoni mwa mama yangu, wakati wa vita vya Wareno, na mama hadi anakufa alikuwa akisema tutarudi mvua zikiisha. Mtu aliyelelewa na sentensi hiyo hajengi kwa mawe.

Sasa Likwembe.

Likwembe ni Mmwera, mwenyeji wa hapa kwa babu na babu. Mimi ni Mmakonde wa ng'ambo. Sisi ni watani, na utani wetu una umri mkubwa kuliko watoto wetu. Jina langu hajawahi kulitamka. Ananiita Mpita Njia. Akinikuta nimekaa kibarazani huuliza kama miguu imepona, niendelee na safari. Akinikuta shambani husema, tazameni, mpita njia anachimba mihogo ya watu. Mimi humwita mzee wa kulala, kwa sababu Wamwera, namwambia, waliamka wakakuta nchi imeshalimwa na wageni. Hakuna anayekasirika. Mtani haruhusiwi kukasirika.

Wiki iliyopita majina yalipobandikwa tulikwenda pamoja kuyaangalia. Likwembe akaweka kidole kwenye jina langu, akapaza sauti ili wote waliokuwepo wasikie. "Huyu wamemwandika kwa makosa. Huyu hakai hapa. Ni mpita njia, anapumzika tu. Futeni."

Watu wakacheka. Nikamjibu kwamba hata yeye wamemwandika akiwa amelala. Tukaenda zetu, na kesho yake akasafiri kwenda Namungo kwa binti yake, ambaye anapika chakula na kuwauzia wachimbaji wa dhahabu.

Kulikuwa na kijana mmoja pale ambaye hakucheka. Ni mpiga debe wa mmoja wa wagombea, na anajua kwamba kura yangu haiendi kwa mtu wake. Jumanne nikaletewa taarifa kwamba jina langu limewekewa pingamizi. Sababu: si mkazi wa kitongoji hiki. Shahidi: Mzee Likwembe, mwenyeji, aliyelisema hilo hadharani. Ushahidi mwingine: nyumba yake haina msingi, ni makazi ya muda.

Nilisoma maneno hayo ya mwisho nikiwa nimesimama mlangoni, na mkono wangu mwingine ulikuwa umeshika ukuta huo huo.

Uani kwa Mama Fatu kukawaka. Mmoja alisema nipeleke kitambulisho changu cha taifa. Mwingine akajibu kwamba kitambulisho kinasema mimi ni raia, hakisemi nalala wapi, na pingamizi ni la ukazi. Mwingine alitaka tukandike nyumba usiku kucha. Mama Fatu aliwanyamazisha wote. Alisema aliyefunga fundo ndiye wa kulifungua, nimfuate Likwembe, na nimfuate haraka kwa sababu shauri linasikilizwa Alhamisi. Kisha akanivuta pembeni akaniambia kwamba kikundi chao kinamtaja mlezi mkazi, na mlezi huyo ni mimi. Wakinifuta, katiba yao nayo inarudi mwanzo.

Kwa hiyo jana nikapanda bodaboda mpaka Ruangwa, na kutoka hapo mpaka Namungo. Vumbi lilinijaa hadi masikioni. Nikamkuta Likwembe kwenye banda la kuonyeshea mpira, amebanwa katikati ya vijana wenye matope ya machimbo hadi magotini. Aliponiona alisimama juu ya benchi.

"Jamani, mpisheni huyu. Ni mpita njia. Mzee, sasa unaelekea wapi, Dodoma?"

Banda zima likacheka. Nilimvuta nje nikamweleza. Nilimweleza taratibu, neno kwa neno, pingamizi, shahidi, Alhamisi.

Naye akacheka hadi akashika ukuta.

Alidhani nimeamua kumlipa. Alisema utani huu ni mkubwa, ameukubali, kwamba kutoka kwetu hadi Namungo kwa ajili ya kumdanganya mtu ni kazi ya Mmakonde kweli. Nilipomwambia sitanii, alicheka zaidi, maana hivyo ndivyo nimwambiavyo siku zote ninapotania. Nilisimama pale juani nikagundua kwamba baada ya miaka yote hiyo mimi na rafiki yangu hatuna hata sentensi moja ya kuambiana jambo la kweli. Nilikuwa natokwa na jasho na yeye alilihesabu jasho hilo kuwa sehemu ya mchezo.

Nikampigia simu Mama Fatu nikampa azungumze naye. Mama Fatu si mtani wake. Ni mke wa mdogo wake marehemu, na kwa shemeji yake huyo Likwembe huwa anainamisha kichwa.

Likwembe alisikiliza. Nikaona uso wake ukizeeka. Aliponirudishia simu aliuliza tu bodaboda iko wapi.

Leo asubuhi ofisi ya kijiji ilijaa, na waliokosa nafasi walisimama madirishani. Msimamizi wa uchaguzi ni mama mmoja mtulivu aliyehamishiwa huku kutoka Kagera, hajui historia ya mtu yeyote hapa, na nadhani hilo lilinifaa na kunidhuru kwa wakati mmoja. Alimuuliza Likwembe kama aliyatamka maneno yale.

"Niliyatamka," Likwembe alisema.

Watu wakanung'unika. Msimamizi akauliza kama yalikuwa ya kweli. Likwembe akasema ulikuwa utani, huyu ni mtani wangu. Msimamizi akatikisa kichwa, akasema hata kwao utani upo, anauelewa, lakini yeye anahitaji kuandika ndiyo au hapana.

Hapo kijana wa pingamizi akaomba kusema. Sitaandika jina lake. Alisema kwa heshima, na hiyo heshima ndiyo iliyoniogopesha. "Mzee wangu, unamwita mpita njia tangu sisi hatujazaliwa. Mtu anataniaje neno moja miaka yote hiyo kama moyoni haliamini? Na yeye mwenyewe tazama nyumba yake. Anakaa kama mtu anayesubiri gari."

Wote waliokuwa ofisini wakanigeukia.

Niandike hapa jambo ambalo sikuweza kulisema kule. Wakati ule wakinitazama, sikuwa namchukia yule kijana. Nilikuwa nafikiri amenijua. Na sehemu moja ya nafsi yangu, ndogo lakini macho yake wazi, ilitaka msimamizi akubali pingamizi. Basi ningekuwa na hakika. Ningejua kwamba mama alikuwa sahihi na kwamba mvua bado hazijaisha.

Likwembe alivua kofia yake. Sijawahi kumwona akifanya hivyo mbele ya watu, ana upara na anauonea haya.

Alisema hivi, na nayaandika kama nilivyoyasikia, kwa sababu sitaki kuyapoteza. "Simoni Nankoma ni mkazi wa hapa. Nguzo za hiyo nyumba tulizikata wote, mimi na yeye. Mkewe amelala makaburini kwetu, na aliyechimba kaburi ni mimi, kwa sababu mtani ndiye anayechimba. Mama msimamizi, mpita njia hatumzikii watu wake. Tunampa maji, anakwenda. Huyu tumemzikia. Andika."

Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, akimtazama yule kijana, "Na nyumba yako wewe yenye msingi wa mawe, mwanangu, marehemu babako aliijenga, na maisha yake yote akaishi Dar es Salaam."

Msimamizi aliandika. Pingamizi likatupwa. Nje Mama Fatu na wenzake walipiga vigelegele, na mmoja tayari alikuwa anauliza kama barua ya mkopo ya kikundi inaweza kupelekwa kesho. Watu walinishika mkono. Niliwashukuru wote, kwa majina.

Lakini sikuwa nasikia vizuri. Masikioni mwangu lilikuwa bado linalia jina langu katika mdomo wa Likwembe. Simoni Nankoma. Alilitamka sawasawa kabisa, la baba na la kwangu, kwa hiyo alikuwa analijua siku zote. Mtani anapokuita kwa jina lako kamili mbele ya watu, amevua kofia, kwa kawaida ni kaburini kwako, na wewe hupo kulisikia.

Tulirudi pamoja njia ya nyuma, inayopita kwenye mikorosho. Yeye mbele, mimi nyuma. Mabibo yaliyoanguka yalinuka uchachu. Nilingoja aanze. Nilimpa nafasi: nilijikwaa makusudi kwenye mzizi, na siku nyingine yoyote hilo lingemtosha hadi nyumbani. Aligeuka, akaniuliza kama nimeumia.

Nikasema hapana.

Tulipofika kwenye njia panda alisimama, akaangalia chini. Alisema samahani kwa usumbufu. Alisema alipaswa kupima maneno siku ile. Nikamwambia hakuna neno, na niliposema hivyo, kwa adabu, nikasikia kwamba nimekosea. Ilikuwa zamu yangu ya kumtukana na niliikosa.

"Haya. Kwaheri, Simoni."

Akaenda.

Hilo ndilo linalobana kifua. Nimekuwa mkazi. Nimethibitishwa, nimeandikwa, hata msingi wa mawe sihitaji tena. Lakini kwa nusu karne nzima mahali pangu hapa palikuwa ndani ya ule mzaha. Kila alipouliza naondoka lini, nilijua ananiomba nisiondoke. Leo ameapa mbele ya serikali kwamba siondoki, na nimerudi nyumbani kama mgeni aliyekaribishwa vizuri.

Majirani wamepita jioni na ushauri wao. Wa kwanza anasema udongo mzuri wa kichuguu uko karibu na kisima, niuwahi kabla ya mvua. Wa pili anasema nimshitaki yule kijana. Mama Fatu ameleta sahani ya korosho zilizovunjika na kuniuliza kwa nini sikumleta shemeji yake kula. Nikamwambia amechoka. Hakuamini, ila hakuuliza tena.

Nimefikiri sana. Kuna mambo ambayo mtani anaruhusiwa na mtu mwingine haruhusiwi. Anaruhusiwa kuingia uani kwako bila hodi, akachukua anachokitaka, na wewe huna pa kushitaki. Likwembe ana jogoo mwekundu anayempenda kuliko wajukuu.

Kesho asubuhi, akiwa kibarazani macho wazi, nitaingia uani kwake nimkamate huyo jogoo. Nitamtia kwapani na kutoka naye mlango wa mbele, polepole, nikimpita pale alipokaa. Nimefanya mazoezi ya maneno: nahitaji chakula cha njiani, mzee wa kulala.

Akinifukuza na fimbo huku akipiga kelele kwamba wapita njia ni wezi, nitakuwa nimefika.

Na akisema, mchukue tu, Simoni?