Kikombe Kilichokataa Mandazi

Mpendwa Mama,

Matanga yako yaliniumbua, na sina mwingine wa kumwambia ila wewe.

Unajua nilivyojivunia vile vikombe vya kauri. Udongo ule mweupe ni mkaidi: ukiuharakisha kwenye gurudumu la kufinyangia unalegea, ukiugeuzia mgongo umekauka. Nilivifinyanga kimoja kimoja kwenye karakana yangu mtaani Umoja, nikavibana mdomo ili chai isipoe upesi, kisha nikakuletea kwenye kibanda chako cha chai sokoni Jericho. Ulicheka sana. "Wanasema mfinyanzi hulia gaeni, kumbe mamake anauzia watu chai kwa kauri!" Vile vikombe vyako vya bati ukavisukuma chini ya meza. Kila nilipokuuliza wateja wanasemaje, ulijibu, "Wanavipenda, mwanangu." Nami nikaondoka nimevimba kichwa.

Basi siku ya matanga, jirani yako Mama Atieno akavitoa vyote, eti ungependa wageni wanywee kazi ya mwanao. Nikasimama mlangoni nikingoja sifa. Nikawaona binamu zetu kutoka Kakamega wameduwaa, mandazi mkononi. Mmoja alijaribu kuchovya lake, likakwama kwenye mdomo wa kikombe. "Haki hii kikombe imekataa mandazi," akanong'ona, na mwenzake akamfinya. Wakayatafuna makavu, kwa heshima yako. Nilitamani ardhi inimeze.

Ila wateja wako wa sokoni hawakuhangaika. Walimega mandazi vipande vidogo, wakavitumbukiza, wakanywa. Nikamuuliza Mzee Juma, yule wa mkokoteni, ni nani aliyewafunza. Akatazama chini.

"Si ni mamako. Kitambo sana. Alituambia ukikuja tusiseme kitu, juu utaskia vibaya."

Kitambo sana, Mama! Watu wazima, wenye njaa ya asubuhi, wamejifunza kula upya ili mimi nisiaibike. Na mimi huko nje nawaambia wanunuzi kwamba chombo changu ni cha kutumiwa, si cha kabatini. Sasa naona haya hata kupita Jericho. Nikikaa kwenye gurudumu, vidole vinasita pale pale kwenye mdomo wa kikombe, na wakati mwingine naukanda udongo wote uwe bonge tena, nikaufunika, nikaenda zangu nyumbani.

Mwanzoni nilikukasirikia. Ungeniambia tu, ningefinyanga vingine vya mdomo mpana kwa asubuhi moja. Halafu nikajiuliza, ungeniambia saa ngapi? Kila Jumamosi nilishusha katoni ya vikombe kibandani kwako, nikakusalimu nimesimama, macho barabarani, nikawakimbilia wateja wangu wa mahoteli. Kila Jumamosi ulinisogezea benchi na kunimiminia chai, mandazi kando.

Sikuwahi kuketi nikainywa.

Pumzika, Mama.

Mwanao, kitindamimba wako