Kisu cha Plau Kwenye Sarafu ya Babu

Mpendwa mshauri,

Hili sijamwambia mtu, hata paka: sarafu ya shaba ambayo babu yangu, Garret Voorhees, anaiona fahari ya New Jersey nzima ni ya kawaida tu, na Jumamosi ataionyesha mbele ya chama chetu cha wakusanyaji, naomba msaada.

Sarafu hizi za kale za jimbo letu zina kichwa cha farasi na chini yake plau, nasi tunagombania masikio ya farasi kama wengine wanavyogombania mpira, sasa ipo aina adimu ambayo mchongaji hakuweka kile kisu cha plau kinachotangulia kupasua udongo, na Babu anaapa yake ndiyo hiyo, lakini nilipoitazama kwa lenzi yeye akikaanga mayai niliona kivuli cha kisu, kumbe kilikuwepo, kimelika tu mifukoni mwa watu, nikanyamaza kwa sababu tangu Bibi afariki hiki ndicho kitu cha kwanza kilichomfanya Babu apige mluzi. Mtani wake wa hapo chamani, Bwana Stryker, alishamwambia, "Garret, wewe ukivua miwani unabusu plau ukidhani ni farasi." Babu akamjibu, "Njoo Jumamosi, na ulete leso."

Nina miaka kumi na tano, na mbele ya watu huwa nasahau kupumua. Nifanye nini?

Thea

*

Thea mwanangu,

Pole, ila acha kujificha nyuma ya mluzi. Unampenda babu yako, au unaogopa uso wake? Ukinyamaza ataambiwa na Stryker, mbele ya chama kizima, kwenye kahawa na donati, na hapo mluzi utakatika kweli. Tena unachungulia mali ya mtu akiwa jikoni! Usimhubirie. Mpe lenzi mchana, karibu na dirisha, mwonyeshe pa kutazama, kisha funga mdomo. Ufanye hivyo kabla ya Jumamosi.

*

Mshauri,

Nilimpa lenzi Alhamisi. Alitazama mpaka kahawa ikapoa.

"Ala! Kisu hiki hapa, kinanicheka," akasema. "Basi Jumamosi utasimama wewe, uwaeleze."

Nilisimama. Nikijikumbusha kupumua, niliwaeleza tofauti ya kisu kisichochongwa na kisu kilicholika. Nilipomaliza, Bwana Stryker alikuwa anarudisha kiboksi fulani mfukoni, polepole.

"Stryker," Babu akaita, "hebu mwonyeshe mtoto na hiyo yako unayoapa haina kisu."

Nikachukua lenzi, nikaenda mezani kwake.