Zamu Sita za Maji

Jumatatu, 14 Julai
Leo asubuhi nimepoteza zamu yangu ya maji. Mpaka mzunguko ujao. Na vitunguu ndiyo kwanza vinajaza, ncha za majani zimeanza unjano.

Mashamba ya mfereji wetu ni thelathini, zamu ishirini na nne. Valeriani, katibu wa mfereji, katangaza: wenye miche michanga ni kumi na wawili, hao wanapata moja kwa moja. Kikundi cha akina mama, kumi, nao vilevile. Jumla ishirini na wawili. Zimebaki zamu mbili, tuliobaki tupige kura. Punje za mahindi kwenye kofia, na maharage mekundu mawili. Nimechomoa punje ya hindi.

Kikundi sikujiunga. Shamba langu nimelifyeka mwenyewe, pori tupu, bila mwenyekiti wala mhasibu. Haya, ndiyo malipo.

Jumatano, 16 Julai
Darasa la QT, sekondari yetu ya watu wazima. Mwalimu Hilary kaanza uwezekano. Katuangalia miguuni – tuko kumi, wenye gambuti sita. Waliokuja na baiskeli watano. Akauliza: nikimvuta mmoja bila kuchagua, uwezekano wa kupata mwenye gambuti au mwenye baiskeli? Nikawahi: sita na tano, kumi na moja kwa kumi.

“Mama Aneth, huyo wa kumi na moja yuko chini ya meza?”

Wamecheka, nami nimecheka. Watatu wana gambuti na baiskeli pia, nimewahesabu mara mbili. Jumlisha, kisha toa walio kote kuwili. Nane kwa kumi.

Njiani nikasimama. Thelathini toa ishirini na wawili ni wanane. Mbona Jumatatu tuliozunguka kofia tulikuwa kumi na wanne? Nawataja kwa majina. Akina mama sita wa kikundi wana miche michanga! Valeriani kawahesabu mara mbili, kama mimi na gambuti. Wenye haki ni kumi na sita tu. Kura ilikuwa ya zamu nane. Nilistahili nafasi nne kwa saba, nikapewa moja kwa saba.

Basi zamu sita zinakwenda wapi?

Alhamisi, 17 Julai
Nimeufuata mfereji mpaka mwisho. Nilidhani nitakuta shamba la shemeji wa Valeriani. Nimemkuta Lukresia, yule wa Singida aliyekodi nusu eka kule chini, hata kwenye daftari la mfereji hayumo. Tope mpaka magotini. Anaimba.

“Yamekuja yenyewe, dada. Juzi, na leo tena. Nikasema Mungu kaniona.”

Zamu isiyo na mwenyewe, maji hushuka. Mwaka jana vitunguu vyake vyote vilikauka, nakumbuka. Nilikwenda na hasira kamili, nimerudi na nusu.

Ijumaa, 18 Julai
Nimemkuta Valeriani kwenye lango la mfereji. Nimemchorea chini kwa kijiti – duara la miche, duara la kikundi, sita katikati. Kasema Jumatatu alijumlisha haraka, watu walikuwa wanapiga kelele. Namwamini. Hata mimi nilijumlisha haraka.

“Na Jumanne ulipoona maji yanashuka?”

Hapo kaangalia pembeni. “Mama Aneth, ukinibana itabidi nifunge kule chini. Ndicho unachotaka?”

Sicho. Lakini asimtumie yule mama kunifunga mdomo. Nimemwambia: zamu mbili zimeshakwenda kwake, sidai. Zimebaki nne. Tuliokosa ni kumi na wawili, muweke Lukresia awe wa kumi na tatu, na jina lake liingie. Nne kwa kumi na tatu. Haifiki hata theluthi, nami naitaka hivyo hivyo.

“Wenzako watakubali mtu wa kukodi?”

“Nimekuuliza wewe, katibu.”

Kesho saa nne asubuhi, kabla hajafungua lango, nitakuwa pale na kofia. Nitamuuliza: tunapiga kura upya, watu kumi na watatu – ndiyo au hapana? Nataka neno moja.