Salamu Niliyoimeza Mahakamani

Alhamisi. Nje kuna joto la kunata. Miwani yangu inaingia ukungu kila ninaposhuka kwenye gari. Humu chumbani kiyoyozi kimekaza, nami naandika haya.

Wiki hii shule imetutaka tufuatane na mtu anayefanya kazi tunayoitamani. Sikutafuta mbali. Baba ni wakili, na tangu nijue kusoma nimetaka kuwa kama yeye.

Kazi yake ni hii. Mtu akilewa hotelini kisha akaumiza watu, walioumizwa huidai hoteli iliyomuuzia pombe. Hoteli ina bima. Baba huitetea kampuni ya bima. Alianza kazi hiyo kabla sijazaliwa. Mgeni aliyezama bwawani baada ya karamu, mpishi aliyevunjwa taya na mteja, madereva, madereva, madereva. Yeye mwenyewe hajaonja pombe maishani. Huingia baa mchana, zikiwa zimefungwa, kukagua taa na ngazi, kisha hurudi kuoga kabla ya kusali. Bibi, aliyezaliwa Unguja na ambaye hapa kwetu Al Twar, Dubai, hatusemeshi ila kwa Kiswahili, humwombea dua kila siku. Lakini hajamuuliza hata mara moja kesi imeishaje.

"Mlevi simtetei," Baba huniambia. "Mlevi ana kesi yake. Mimi nauliza tu, kosa ni la nani, na kwa kiasi gani."

Nililipenda sana swali hilo.

Kesi ya leo ni ya mtu aliyekunywa mchana kutwa katika hoteli moja ya Al Rigga. Alipoondoka, funguo za gari zilimwanguka. Mhudumu akamwokotea, akamtia mkononi. Mbele kidogo mlevi huyo alimgonga kijana Mkenya aliyekuwa akitoka kazini kwa miguu, na kijana akafa palepale. Mjane wake yuko kwao Kenya na watoto wadogo, naye anaidai hoteli. Hayo Baba alinieleza garini. Ambalo sikulijua ni nani angekuja kumtolea mjane ushahidi.

Alikuwa Wafula, kaka wa marehemu.

Wafula ni askari wa lango la shule yetu. Kila asubuhi hunisalimu kwa Kiingereza, maana anaona abaya na jina la Kiarabu kwenye kitambulisho. Mimi huinamisha kichwa na kupita. Hajui kwamba naelewa anapomgeukia mwenzake wa basi la shule na kusema, "Bubu amefika. Leo amebeba kitabu kama tofali, uso hatuoni mpaka jioni." Hucheka, nami hucheka kimoyomoyo. Nilitaka kumjibu. Lakini siku ya kwanza sikumjibu, na kila siku iliyofuata ikawa aibu zaidi kuanza.

Leo aliniona ukumbini, nje ya chumba cha mahakama, nimesimama na Baba. Baba alikuwa amevaa joho juu ya kanzu, macho kwenye simu. Wafula alikuwa na rafiki yake aliyetoka naye Al Quoz, kwenye makazi ya wafanyakazi.

"Si huyu ni wa shule yetu?" alimwambia. "Ni bubu kidogo, lakini ana roho safi."

"Achana na yeye. Wakikuuliza kuhusu daraja la kuvukia barabara utasema nini?"

"Nitasema nini? Nilimwambia kila siku, panda daraja. Yeye ni, aah, miguu imechoka, wacha nikate hapa chini. Kichwa ngumu, huyo kijana. Lakini hiyo siwezi kuwapa hawa."

Neno lilikuwa limeshafika mdomoni mwangu. Shikamoo. Bibi alinifundisha tangu mdogo kwamba mkubwa husalimiwa, hata kama una haraka, hata kama unaona haya. Neno hilo moja, na Wafula angejua kuwa tunamsikia na kumwelewa. Angenyamaza.

Nikalimeza.

"Yalla," Baba aliniharakisha kwa Kiarabu, akatia simu mfukoni.

Ndani, Baba alimwomba jaji Wafula aulizwe kama marehemu alikuwa na desturi ya kuvuka chini ya daraja, na kama aliwahi kumwonya. Mkalimani akatafsiri kutoka Kiarabu. Wafula akasema hakumbuki. Baba akauliza tena, mkalimani akasitasita, na Baba akasahau utaratibu wa mahakama.

"Ulimwonya, hukumwonya? Sema, bwana."

Kwa Kiswahili cha Bibi.

Jaji alimkemea. Lakini Wafula alikuwa ameshageuka, na hakumtazama Baba. Alinitazama mimi.

"Nilimwonya," alisema. "Kila siku."

Garini nilimwambia Baba kwamba Wafula hakujua kuwa tunaelewa Kiswahili.

"Nilisimama mbele yake, mwanangu. Sikujificha."

"Na yule mhudumu aliyeokota funguo?"

"Hilo watalisema wao, upande wa mjane." Kisha, kwa sauti ya chini, "Alianza kwa kusema uongo. Ulimsikia."

Nilimsikia. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba siwezi kusema Baba amekosea. Hukumu bado, ila anatarajia fidia itapunguzwa sana, au ikosekane kabisa. Watoto wa marehemu hawajavuka barabara yoyote.

Wakati wa chakula Bibi aliuliza nimeona nini. Nikamwambia nimemwona mtu wa shuleni.

"Umemsalimu?"

Nilisema wali una moto.

Kesho Wafula atakuwa langoni. Nimelisema lile neno mbele ya kioo mpaka limeacha kutetemeka. Masikioni mwake litakuwa Kiswahili kilekile cha Baba, nalijua hilo. Nitamwamkia hivyo hivyo, ajibu asijibu.

Sijui kama bado nataka kuwa wakili. Najua tu kwamba kesho hatamwambia mwenzake lolote ninapopita. Atasubiri nifike mbali.