Kadi Yenye Mgongo wa Mtu Mwingine

Kariakoo, 9 Machi 1999

Dada Fakhriya,

Shikamoo. Natangaza rasmi kwamba ofisi yetu ya Mtaa wa Msimbazi imepata mashine ya kuchapa vitambulisho. Ni moja, na kompyuta tatu zinaigombania. Inachapa upande mmoja tu, kisha kadi unaigeuza kwa mkono. Kwa hiyo sheria yetu ni kupaza sauti, "Nachapa!", wengine wasubiri. Msimamizi wa sheria ni mimi na kitambi changu. Mwanao Tasneem hupaza kuliko wote. Koo lako hilo.

Juzi mteja alirudisha kadi: mbele sura yake, nyuma kundi la damu la mtu mwingine. Bosi Kanubhai akamwachisha Tasneem kazi. Mtoto akanigeukia: "Mjomba, si ulinisikia nikisema nachapa?"

"Kelele zilikuwa nyingi, mama," nikamjibu.

Atafika Tanga Jumamosi. Usimgombeze.

Nilimsikia, dada. Kadi yake ilikuwa ndani ikisubiri upande wa pili, nami nikabonyeza mgongo wa kadi ya mteja wangu kimyakimya, kwa haraka ya kwenda kula. Asubuhi naitia barua hii posta kabla sijamwona Kanubhai, nisije nikanyamaza tena.

Mdogo wako,
Azzan