Alama Shingoni mwa Seif

Matrah, Maskati
Ijumaa, baada ya sala

Dada yangu mpenzi Salma,

Salamu zangu leo ni za mwenye haraka, unisamehe. Kabla hujamwambia Baba neno lolote, isome barua hii mpaka mwisho. U hali gani? Kifua cha Mama kimepoa? Na Mombasa mmeizoea, au bado mnailia Unguja? Mimi mzima, nimenenepa, na nnampenda mume wangu hata naona haya kuandika.

Katika barua iliyopita nilikwambia Seif ana mke mwengine, ukanijibu kwamba Baba akisikia atamtuma Kaka aje kunichukua. Basi nikuhadithie.

Miezi mitano ya ndoa, Dada, na bado nikisikia viatu vyake ngazini hukimbilia kioo! Unajua yeye ni karani wa ghala katika kampuni ya mafuta, na tangu mafuta yaanze kupakiwa melini mwaka jana, kazi haziishi. Niliamini. Kisha, miezi miwili sasa, akaanza kurudi Jumatatu na Alkhamisi amekwisha koga. Nywele mbichi, ananukia sabuni isiyo yetu. Wewe ni mke wa mtu, nambie: mwanamume anakoga mchana, nje ya nyumba yake, kwa sababu gani? Nikamwuliza.

"Joto," akasema.

Joto! Kama kwamba joto la Maskati limeanza juzi.

Halafu nikaiona alama. Nyekundu, chini ya taya la kulia, duara kama mdomo wa kikombe cha kahawa. Akasema ni ukosi wa shati. Dada, ukosi una duara? Nikawa nnanusa kanzu zake kabla sijazifua. Napika huku nalia, naye anakula huku anausifu mchuzi.

Mwisho nikamwambia jirani yangu, Bi Raya, ambaye mumewe ni dereva wa kampuni hiyo hiyo. Huyu bibi hamung'unyi maneno. "Kila Alkhamisi mume wangu humwona akishukia Ruwi," akasema. "Nyumba iko huko. Sasa utakaa ulie, au utakwenda?"

Jana tukavaa mabuibui, tukaaga kwamba tunakwenda kumtazama mzazi aliyejifungua, tukapita njia ya mlimani mpaka Ruwi. Njia nzima nilikuwa napanga nitakayomwambia huyo mwanamke. Nyumba hatukuiona. Tuliona uwanja wa vumbi, hema, na wanaume: Waingereza, Wahindi, Mabulushi, na Mholanzi mmoja mwekundu kama kamba aliyechemshwa. Tukajibanza nyuma ya jabali. Seif akaingia hemani na kanzu yake, akatoka na kaptura.

Kaptura, Dada! Mapaja nje! Akaokota tufe la chuma, akalibana shingoni, chini ya taya la kulia, akainama, akajipinda, akalisukuma hewani kwa mguno uliotufika mpaka kule kwenye jabali.

"Ndiye mke mwenza huyo?" Bi Raya akaninong'oneza. "Mzito, mwanangu. Hutamweza."

Nilicheka mpaka nikasahau nilipo, nikapiga kigelegele. Uwanja mzima ukageuka. Seif alikitambua.

Alirudi nyumbani na vumbi lake lote, akakaa akinitazama. Kumbe alikuwa akimficha baba yake, ambaye akisikia mwanawe kasimama mapaja wazi mbele ya Wazungu hatamsamehe. Mhandisi mmoja Mwingereza ndiye aliyemfundisha kutupa tufe, na sabuni ile ni ya kwake, na jana yalikuwa mashindano ya watu wa kampuni, kila taifa na mtu wake. Seif aliwasimamia Waomani.

"Na wewe ulikuwa unatafuta nini Ruwi?" akaniuliza.

Nikamwambia yote. Nilidhani atacheka.

"Miezi miwili unanipikia, unanidhania hayo?" Kisha, pole pole: "Nani mwengine anajua?"

Nilitaka kusema hakuna. Nikasema, "Dada Salma."

"Mwandikie kesho. Mbele yangu, kabla baba yako hajanihukumu."

Ndiyo nnaandika, naye amekaa mkekani, kahawa imempoa. Bado hasemi nami vizuri. Kila nikigeuza karatasi hunyoosha shingo: "Mbona ndefu hivyo? Mnasemezana nini nyinyi wawili?" Sasa yeye ndiye mwenye shaka, na siwezi kumlaumu.

Basi Baba asijue. Na kama umekwisha mwambia, msomee hii, ila pa kaptura uparuke. Mpe mkono wangu Mama, na Shangazi aliyenipaka hina, na Kaka mwambie asifunge mizigo. Mumeo, shemeji yangu, msalimu sana, na usimnuse kanzu.

Seif anataka niandike kwamba alikuwa wa kwanza. Nimemsomea kwa sauti nilichoandika: wa tatu, katika watu watano. Amecheka, Dada! Amecheka, mara ya kwanza tangu jana, na anataka kuninyang'anya kalamu. Niache nimalize.

Mdogo wako, mke wa Seif peke yangu,
Zuwena